Kabla ya Lami, Tuipe Barabara Yetu Upana na Maji Njia Yake

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wakazi wa mtaa mmoja wa pembezoni, kusini mwa Jiji la Arusha

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji, wazee wetu wa mila, viongozi wa dini, baba zangu na mama zangu, vijana wa bodaboda mliosimamisha kazi mchana huu ili mje kusikiliza: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote ninawasalimu kwa heshima.

Kamati ya maendeleo ya mtaa imeniomba nizungumze kuhusu barabara yetu kwa sababu nimefanya kazi ya ufundi sanifu wa barabara kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sababu nyumba yangu ipo kando ya barabara hiyohiyo tunayoilalamikia. Ninajua wengi wenu mmekuja mkitarajia niwaeleze namna ya kuidai lami. Lami ninaitaka kama mnavyoitaka ninyi, lakini nimekuja kuwaomba tufanye kwanza kazi ambayo hakuna mkandarasi atakayeweza kuifanya kwa niaba yetu, nayo ni kuipa barabara upana wake na kuyapa maji njia yake, wakati bado kuna nafasi ya kufanya hivyo bila kubomoa nyumba ya mtu.

Nilipohamia huku, sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa mashamba ya mahindi na maharage yenye migrevilea mipakani, na njia iliyokuwepo ilikuwa ya mikokoteni ya punda na ng'ombe waendao kunywa maji. Njia ile ilitosha kwa kazi yake, wala hakuna mzee wa kulaumiwa kwa kuiacha nyembamba. Kilichobadilika ni idadi yetu. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta Jiji la Arusha likiwa na watu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikalikuta na watu 617,631. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 201,000 katika miaka kumi, yaani karibu nusu ya wote waliokuwepo mwanzoni. Watu hao hawakuweza kujibana katikati ya jiji, Kaloleni wala Levolosi. Wametafuta viwanja Muriet, Olasiti, Moshono, Terrat na huku kwetu, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayopita kusini mwa jiji ilipofunguliwa, hata maeneo ambayo zamani tulisema yapo mbali yakaonekana yapo karibu. Kila familia iliyokuja ilikuwa na haki ya kuja. Mimi mwenyewe nilikuja.

Sasa naomba mnivumilie kwa hesabu ndogo, kwa sababu chanzo cha tabu yetu kimo ndani yake. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho ndicho wengi wetu tulichonunua, kina mita za mraba 400. Ukigawanya, ekari inatoa viwanja kumi kamili na masalio ya mita za mraba 47 tu, kwa hiyo mwenye shamba anayetaka kuuza viwanja kumi katika ekari yake hana mahali pa kuitoa barabara. Atakachofanya ni kupunguza kidogo huku na kidogo kule, aache kinjia cha mita tatu, kisha amwambie mnunuzi kwamba gari litapita. Na kweli gari linapita, moja, siku ya kwanza. Jirani yake naye anakata shamba lake kwa namna yake, na kinjia chake hakikutani na kile cha mwenzake. Zile kona kali tunazozilaani kila siku kati ya mashine ya kusaga na shule ni mipaka ya mashamba ya zamani, na kila mahali shamba lilipoishia, barabara ilibidi izunguke.

Lau mwenye ekari ile angeacha njia ya mita kumi, na tukichukulia shamba la takriban mita 64 kila upande, angetoa mita za mraba 640, ambazo ni kiwanja kimoja na zaidi ya nusu. Hiyo ni fedha nyingi kwa mtu anayeuza shamba ili asomeshe watoto au amalize nyumba, na siwezi kusimama hapa nikamwita mbinafsi. Ninachosema ni kwamba gharama ambayo yeye hakuilipa haikupotea. Imegawanywa kwetu sote, nasi tunailipa kidogo kidogo kila siku ya Mungu.

Masika iliyopita tuliilipa kwa namna ambayo sitaisahau. Gari lililoleta mwili wa jirani yetu lilishindwa kupita kwenye kona ya pili, tukalishusha jeneza na kulibeba mabegani hadi nyumbani kwake, mvua ikinyesha, wanawake wakivua viatu ili wasiteleze. Wapo waliosema kwamba hiyo ni heshima kwa marehemu, na ninakubali kwamba kumbeba mwenzako ni heshima. Lakini nilipokuwa nimeshika mpini wa jeneza lile nilikuwa nikiwaza kwamba, kama siku moja nyumba itashika moto usiku, gari la zimamoto litaishia palepale lilipoishia gari la msiba, na maji yake hayatabebwa mabegani.

Ndugu zangu, upana ni nusu ya jambo, na nusu ya pili ni maji. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja ya maji. Chukua nyumba yenye paa la bati la mita za mraba 100, kisha chukua mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika inaweza kushuka kwa siku moja. Paa hilo moja litamwaga lita 5,000. Nyumba mia moja za namna hiyo zitamwaga lita 500,000, na hapo sijahesabu ua tuliousakafia kwa sementi wala njia zilizokanyagwa hadi zikawa ngumu kama kigae. Zamani mvua hiyohiyo iliangukia kwenye shamba lililolimwa, ardhi ikanywa sehemu kubwa, na kilichobaki kikatiririka polepole hadi korongoni. Leo shamba ni mabati, na maji yote yanatoka getini kwa kila mmoja wetu na kukutana mahali pamoja tu, ambapo ni barabarani. Mvua si lazima iwe imeongezeka. Sisi ndio tumeondoa mahali pa kunywea maji yake, na hilo ni tokeo la ukuaji ambalo halionekani kwa macho kama yanavyoonekana magari.

Nisingependa kulitaja jambo linalofuata, lakini nikinyamaza nitakuwa sijasema ukweli. Mwezi Aprili mwaka 2024, katika upande huuhuu wa kusini mwa Arusha, gari lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo asubuhi ya mvua kubwa, na watoto wakapoteza maisha. Makorongo haya yanashuka kutoka Mlima Meru, na mvua ikinyesha huko juu, maji yanaweza kutufikia sisi ambao kwetu hakujanyesha hata tone. Mtoto anayesubiri kuvuka hawezi kulijua hilo. Kwa hiyo nikisema kwamba ile sehemu ya kuvukia karibu na kanisa ijengewe kalavati pana, yaani njia ya maji chini ya barabara, kabla ya kufikiria lami mahali pengine popote, naomba msinione kama fundi anayependa zege. Watoto wetu wanavuka pale kila asubuhi.

Niwaeleze pia kwa nini lami ikiletwa katika hali tuliyonayo sasa itakufa mapema. Barabara ya lami ni matabaka, na lile jeusi tunaloliona juu ni kama ngozi tu. Mzigo wa gari hubebwa na tabaka la msingi lililo chini yake, ambalo ni kokoto au moramu iliyoshindiliwa vizuri, na tabaka hilo lina nguvu likiwa kavu. Maji yakituama pembeni kwa sababu hakuna mtaro, yanapenya kwa chini, tabaka linalainika, gari zito likipita lami inabonyea na kupata nyufa, kisha maji yanaingia kwa juu pia, na baada ya misimu michache ya mvua mnabaki na mashimo yenye kingo kali kuliko yale ya vumbi. Barabara ya changarawe nayo inataka mgongo ulioinuka katikati na kushuka kama sentimita tano kwa kila mita moja kuelekea pembeni, pamoja na mitaro inayotoa maji na kuyapeleka mahali maalumu. Greda likipita leo kwetu halina pa kuutengeneza mgongo huo, kwa sababu kuta zimeibana barabara pande zote mbili. Linachoweza kufanya ni kukwangua udongo uliolegea, na kila likikwangua barabara inazidi kushuka chini ya usawa wa nyumba zetu. Ndiyo maana yetu imekuwa mfereji.

Kuna watu wanaolaumu wingi wa magari madogo na bodaboda, na ningependa kuwatetea. Uharibifu unaofanywa na gari hauongezeki kwa kadiri ya uzito wake. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, maana yake ekseli ya tani kumi inaiumiza barabara mara 10,000 ya ekseli ya tani moja. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Lori la mchanga likizidisha na kufikia tani 13 kwa ekseli hiyo, madhara yake yanakaribia kuwa mara tatu. Mizani imewekwa kwenye barabara kuu, haipo kwenye kichochoro chetu, na malori hayo yanakuja kwa sababu sisi wenyewe tunayaita tunapojenga. Mimi nayaita pia. Ninaloomba ni kwamba anayejenga aagize mchanga na kokoto kwa tripu zisizozidishwa, na kwamba siku mbili baada ya mvua kubwa pasiingie lori zito hata kama fundi analalamika.

Moramu nayo tusiichukulie kama kitu cha bure. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita tano, ikiwekwa moramu ya unene wa sentimita 15, inahitaji mita za ujazo 750 baada ya kushindiliwa, ambazo kwa lori la mita za ujazo kumi ni tripu zaidi ya 75. Wakubwa mnakumbuka Aprili ya mwaka 2013, machimbo ya moramu ya Moshono yalipoporomoka na kuwafukia watu waliokuwa kazini. Kila ninapoona mvua ikikokota moramu iliyomwagwa juzi na kuipeleka korongoni kwa sababu hatukuchimba mtaro, huwa ninawakumbuka wale vijana.

Sasa nije kwenye suala la Serikali, maana najua swali lipo midomoni mwenu. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Hizi zetu zipo chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017. Mtandao wake nchi nzima ni zaidi ya kilomita 144,000, na sehemu ndogo sana ya mtandao huo ndiyo yenye lami. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo kila anayejaza mafuta hapa amechangia na ana haki ya kuuliza. Lakini barabara haiwezi kupangiwa fedha za matengenezo kama haitambuliki katika orodha ya mtandao, na njia inayobadilika upana kila baada ya nyumba tano, isiyo na mipaka iliyokubaliwa, ni vigumu kwa mhandisi yeyote kuitetea mbele ya njia nyingine ambayo wakazi wake wamekwisha kuiweka sawa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Tukipeleka maombi yetu yakiwa na muhtasari wa mkutano huu, saini za wakazi na ramani ya urasimishaji, yaani ya kuvitambua rasmi viwanja vyetu, yenye upana uliokubaliwa, Mheshimiwa Diwani atakuwa na kitu cha kushika mkononi anapotusemea.

Upana ninaoupendekeza kwa barabara yetu kubwa ni mita 12. Mita sita ziwe za magari, mita moja ya mtaro kila upande, mita moja na nusu ya waenda kwa miguu kila upande, na mita moja inayosalia iwe ya nguzo za umeme na mabomba, ili greda likija lisikate bomba la maji la mtu. Kwa vinjia vya ndani, mita nane zitatosha. Waenda kwa miguu nimewapa mita tatu kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu hapa hatuna magari, na barabara inayomlazimu mwanafunzi kukimbilia mtaroni kila bajaji inapopita haijatengenezwa kwa ajili yake.

Najua maana ya kumwambia mtu arudishe ukuta wake nyuma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, tuliona alama za X za kubomolewa kwenye nyumba za watu, na nimekaa na wazee waliokuwa wakiitazama alama ile kila asubuhi kwa miaka bila kujua kesho yao. Sitaki mtaa huu ufike huko. Tofauti yetu na wao ni kwamba hapa vingi vilivyo ndani ya mita 12 bado ni uzio wa michongoma, mabati na minyaa, na kuta chache tu. Miaka mitano ijayo vitakuwa vyumba na maduka, na hapo hakuna maneno yangu yatakayosaidia.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kila nyumba itoe sawa. Yupo mama hapa, sitamtaja, mwenye kiwanja cha mita 15 kwa 15, na nyumba yake ipo karibu sana na njia. Ukimkata mita mbili umemkata mlango. Ng'ambo yake kuna shamba ambalo halijauzwa. Haki hapo ni barabara kusogea upande wa shamba, na mwenye shamba, ambaye thamani ya viwanja vyake itapanda barabara ikipita, atoe zaidi. Mahali ambapo ukuta wa tofali lazima uvunjwe, naomba mtaa uchangie sementi na nguvu kazi ya kuujenga upya, na ahadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari kabla ya nyundo ya kwanza kugusa tofali. Mtu anayetoa ardhi yake kwa hiari anastahili kuiona hiari yake ikiheshimiwa kwa maandishi. Na kwa wale watakaouza mashamba kuanzia sasa, namwomba Mwenyekiti asishuhudie mauziano yoyote ambayo mchoro wake hauonyeshi njia yenye upana tuliokubaliana.

Kuhusu maji, mwenye uwezo wa kuweka simtanki chini ya paa aweke, na asiyeweza achimbe shimo la mawe la kunyonyea maji ndani ya ua wake badala ya kutoboa ukuta na kuyaelekeza barabarani. Kingo za korongo zibaki wazi. Wanaotupa taka mle naomba waache leo, kwa sababu kalavati lililozibwa na mifuko na matambara ni sawa na ukuta, na maji yatapita juu yake.

Ndugu Mwenyekiti, ninaomba mkutano uamue leo kuhusu upana huo na kuhusu mchango wa kuzijenga upya kuta. Ikikubaliwa, Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa kwenye kona ya mashine ya kusaga nikiwa na kamba ya kupimia, vigingi na rangi nyeupe, pamoja na vijana wanne waliokwisha kujitolea. Tutaanza na uzio wangu, ambao umeingia mita moja na sentimita 40 ndani ya barabara, na kufikia saa nne nitakuwa nimeshauondoa. Mwenye uzio unaofuata anakaribishwa aje na panga lake.